Mliazima Wilkista kwa Miezi Mitatu

Chwele, kupitia Posta ya Bungoma,
Tarehe 9 Mei, 1951.

Kwa Mheshimiwa Katibu,
Halmashauri ya Misheni,
Uingereza.

Ndugu yetu wa ng'ambo,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote walio chini ya paa lako. Sisi wa Chwele tu wazima, mvua imenyesha vizuri, ng'ombe wanatoa maziwa, na mwenye malalamiko ni mimi peke yangu. Kwa kuwa ulikaa kwetu miaka mingi, hata Kiswahili chako kinawashinda watoto wetu wa shule, sikuona haja ya kumsumbua mwalimu aniandikie kwa Kiingereza. Tena naogopa maneno haya yakitiwa katika Kiingereza yatapoa kabla hayajafika Mombasa.

Mimi ni Jotham Mukhisa, mzee wa kanisa la hapa, mkulima wa mahindi, na mume wa Wilkista. Hilo la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu.

Utakumbuka siku ile ulipotutembelea. Ulisimama mbele yetu ukasema kwamba makanisa ya kwenu yamepoa, na kwamba umepata wazo jipya: miaka yote ninyi mmeleta wamisionari kwetu, sasa mnaomba kuazima mmoja kutoka kwetu, aende akahudumu kwenu kwa muda mfupi, miezi mitatu tu. Kisha ukanyoosha kidole upande wangu. Nikasimama. Watu wakapiga makofi, na mimi nilikuwa nimekwisha kutoa shukrani kwa niaba ya ukoo mzima, ndipo uliponiomba kwa upole niketi ili umwone vizuri yule mama aliye nyuma yangu. Siku ile sikulalamika, na leo pia silalamikii hilo. Nalitaja tu ili ujue kwamba mke wangu alitoka mikononi mwangu kwa amani.

Sasa nakuja kwenye malalamiko yenyewe.

1. Neno "muda mfupi". Wilkista alipanda treni Bungoma mahindi yakiwa yamefika magotini. Mahindi yale yalikomaa, yakavunwa, yakaanikwa, yakaliwa. Tumelima tena, tumepanda tena, na sasa mengine yamefika magotini. Mheshimiwa, hata mahindi yanajua kurudi. Nilipopeleka shauri hili kwa mzee Wanjala, mkubwa wa ukoo wetu, alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe Jotham," akasema, "si uliwajua hawa watu? Yule bwana wa kwanza aliyefika kwa baba yangu alisema anapita tu, anaomba maji. Akajenga nyumba, akapanda miti, akazeeka papo hapo, na kaburi lake tunalipalilia mpaka leo." Tangu siku hiyo sina raha. Naomba Halmashauri inieleze kwa maandishi: je, kwenu "muda mfupi" huishia wapi?

2. Kazi mliyompa. Tulidhani atasimama mahali palipoinuka, awahubirie, mtubu, arudi. Lakini barua zake, ambazo husomwa kanisani baada ya matangazo, zinaeleza mambo mengine kabisa.

Jumapili yake ya kwanza huko Dunmarsh, mji mliompeleka, alikuta kanisa la mawe ambamo soko zima la Chwele lingeingia pamoja na mbuzi wake. Ndani yake watu walikuwa wameketi mmoja huku, mmoja kule, kama meno ya kikongwe. Akamwuliza Kasisi Pettifer, "Baba, hawa wengine wamekwenda matangani?" Kasisi akamjibu, "Hapana, mama, wako nyumbani kwao." Basi Wilkista, ambaye Kiingereza alijifunza usichana wake kwa kulea watoto katika shamba la mzungu kule Kitale, na kwa hiyo anajua sana kile cha kuwaamuru watu wanawe uso, akavaa viatu akaanza kwenda nyumba kwa nyumba.

Hakutaja dini. Alisimama mlangoni akauliza, "Mmeamkaje? Na mama je? Na magoti?" Anasema kila nyumba ya Dunmarsh ina mtu anayeumwa na goti. Siku ya kwanza walimfungia mlango. Siku ya pili akarudi kuuliza goti limeamkaje. Siku ya tatu wakampa kiti, na siku ya nne walikuwa wakimchungulia dirishani, wakisema amechelewa.

Hayo ningevumilia. Lakini akafa mwuza maziwa, bwana mmoja aitwaye Tibbs. Wilkista akaenda maziko, akawakuta watu wamesimama kimya wamefumba midomo, kana kwamba wanamngoja karani afungue ofisi. Hata mjane hakutoa chozi. Mke wangu anaandika kwamba alijaribu kujizuia, Mungu ni shahidi, akang'ata leso, akatazama juu, akahesabu matawi ya mti. Mwishowe akashindwa. Akapiga yowe la kwetu, lile la kutoka tumboni, akamwita marehemu kwa jina, akamwuliza, "Tibbs, ni nani sasa atakayetugongea asubuhi?" Mjane akaangua kilio. Wakafuata ndugu zake, kisha wachimba kaburi, kisha Kasisi Pettifer akavua miwani. Walilia mpaka wakachoka, halafu wakaenda kunywa chai, na hapo kwa mara ya kwanza wakaanza kusimulia visa vya Tibbs na kucheka hadi jua likazama.

Tangu hapo hakuna maziko Dunmarsh bila Wilkista. Ati sasa watu wanajiandikisha mapema. Kuna bwana mmoja mzima kabisa, anayepanda mlima kwa baiskeli, naye amekuja kuomba aahidiwe. Nauliza kwa unyenyekevu: mnataka akae huko mpaka mfe wote?

3. Maharagwe. Kosa hili lilianza na barua ambamo alisema kwamba nyama kwenu hutolewa kwa cheti cha mgao, na kwamba nyama ya mtu mmoja ya juma zima yaweza kufichwa ndani ya kiganja. Barua iliposomwa, akina mama walishika vichwa. Jentrix, aliyeachiwa kwaya na mke wangu, akasimama katikati ya ibada. "Jamani!" akasema. "Miaka yote hii wanatuletea Injili na njaa tumboni, na hakuna aliyetuambia!"

Tukachanga pale pale: maharagwe, karanga, simsim na kuku. Tukapakia mikokoteni ya ng'ombe mpaka Bungoma. Stesheni, karani akapokea magunia, kuku akawakataa, akidai hawana hati za kusafiria. Mzee Wanjala akamwambia hata Wilkista hakuzaliwa na hati, alipewa, basi na kuku wapewe. Zogo likakua. Ndipo akatoka bwana Muhdhar, mwenye duka karibu na msikiti, mtu muungwana sana, akasimama kati yetu na karani. "Wazee wangu," akasema, "jogoo huyu ataliwa kabla ya Nakuru, na mtu hatamjua aliyemla. Niachieni kuku, nami nitawapa masanduku ya chai yenye bati ndani, maharagwe yenu yasilowe baharini." Tukakubali. Naye kwa hiari yake akatia na mfuko wa iliki, kwa sababu alikuwa amesikia chai yenu mnainywa hivi hivi tu.

Baada ya muda ikaja shukrani ya Kasisi Pettifer. Alisema wamepokea "mbegu zetu nzuri", wamezigawa nyumba kwa nyumba, zimepandwa kwenye vyungu na kuwekwa madirishani, na baadhi zimekwisha kutoa maua ya kupendeza. Mheshimiwa, maharagwe! Mtu ana njaa, anapelekewa maharagwe, anayaweka dirishani ayatazame! Jentrix aliisikia barua hiyo akatoka nje, akakaa juu ya jiwe, na hakuna aliyethubutu kumsemesha.

4. Hali ya nyumba yangu. Sitasema mengi kwa sababu mimi ni mtu mzima. Siku ya kwanza niliyopika ugali, majirani walifika mbio na ndoo za maji. Binti yetu Nekesa, aliyeolewa upande wa Mabanga, akaja kunisaidia, akaona sufuria, akainama akaitazama ndani kwa muda mrefu, akaniuliza, "Baba, hiki kilikuwa nini?" Kwaya nayo imegawanyika. Jentrix anataka waimbe polepole, wenzake wanataka haraka, basi wanaanza pamoja na kumaliza kila kundi kwa wakati wake. Sokoni vijana hawaniiti tena Mzee Mukhisa. Wananiita Bwana wa Misheni, na wanavyocheka si vizuri.

5. Bibi wa Kitale. Nilikwenda Kitale kununua mbegu, nikakutana na yule bibi wa shamba ambaye Wilkista alimlelea watoto. Akanisimamisha njiani, akauliza, "Wilkista yuko wapi siku hizi?" Nikamjibu kwamba amekwenda Uingereza kuwahudumia watu wa huko kiroho. Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki. Akauliza ni mji gani. Nilipomtajia Dunmarsh alibadilika rangi, akasema mama yake mzazi, Bi. Hobday, anaishi mji huo huo, ni mgonjwa, hana mtu, na kwamba ameandika kuwa kuna mama Mwafrika anayekuja kila asubuhi kumwuliza goti lake limeamkaje.

"Mama yangu ni mtu mgumu," bibi akaniambia. "Mimi mwenyewe hajaniandikia maneno mazuri tangu nilipoolewa. Sasa ameniandikia kurasa nzima, na mwishoni ametia neno 'mwanangu'." Halafu akanichukua mpaka shambani kwake, akaniambia niketi. Nimefika shamba lile mara nyingi tangu enzi za kuposa, na hakuna aliyewahi kuniambia niketi. Nikaketi barazani, nikapewa kikombe chenye sikio dogo lisilopitisha kidole, tukatazama mahindi yake, wote wawili tukiwa na mtu wetu Dunmarsh. Nilipoaga, alinishika mkono. "Tafadhali, Bwana Mukhisa," akasema, "usimwite Wilkista arudi sasa. Si sasa."

Basi unaona mlikonifikisha. Nilikuwa na shauri lililonyooka, mke arudishwe kwa mumewe, sasa limepinda. Nilirudi na mbegu zangu nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Nimekuchagua wewe.

6. Barua yake ya mwisho. Imefika wiki mbili zilizopita. Anasema Bi. Hobday amezidiwa, na kwamba meli ipo, tikiti ipo, lakini amemwahidi yule mama hatamwacha alale peke yake katika nyumba yenye vyumba vingi hivyo. Anasema theluji ya mwaka huu ilikuwa kama unga uliomwagwa na mtu asiyejali. Anauliza kama yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mstari wa mwisho ameuandika kwa lugha yetu ya nyumbani, nami sitautafsiri.

Nilipomaliza kusoma nilimwendea tena mzee Wanjala. Naye, kwa kuwa ni mtu wa mila, akasema neno ni rahisi: anayekaa na mke wa mtu kupita muda hana budi kurudisha ng'ombe wa mahari. Akaanza kuzitaja rangi za ng'ombe ambao Uingereza itatakiwa kutoa. Nikamwambia, "Mzee, sitaki ng'ombe. Namtaka Wilkista." Akaacha kuhesabu. Akasema, kama ni hivyo, iko njia ya pili.

Njia ya pili ndiyo hii, na naomba uisome ukiwa umeketi. Kwetu, mke akikaa mno ugenini, ukoo wa mumewe huondoka wote kwenda kumfuata. Hawaendi kwa vita. Wanafika, wanaketi uani, wanasalimu, wanangoja. Mwenye nyumba huwachinjia fahali, kwa sababu ni aibu wageni kukaa na njaa, na huendelea kuwalisha mpaka neno liishe. Kwa hiyo, Mheshimiwa, Wilkista asiporudi kabla ya mavuno, ukoo wa Mukhisa pamoja na kanisa la Chwele, kwaya zote mbili zikiwemo, tutakuja kuketi uani pa ofisi yako. Tutakuja na mikeka yetu. Mzee Wanjala ameuliza kama upande wa kivuli uko mashariki au magharibi. Nyama yenu ni ya cheti, tunajua, ndiyo maana nakuandikia mapema ili uanze kuweka akiba ya vyeti.

Wala usiite hayo uvamizi. Tutasema ni huduma ya muda mfupi.

Naomba majibu ya haraka. Mpe salamu zangu Kasisi Pettifer, na umwambie maharagwe huchemshwa. Msalimie mjane wa Tibbs, na yule bwana wa baiskeli, aendelee kuwa mzima. Msalimie Bi. Hobday kwa heshima, mwambie nimekaa na binti yake barazani na kwamba hajambo. Muhdhar anakusalimu, Jentrix hakusalimu lakini atapoa. Wana Chwele wote, wakubwa kwa wadogo, wanakunyooshea mikono kutoka upande huu wa bahari.

Ni mimi, ninayekuheshimu huku nimenuna,

Jotham Mukhisa.

Nyongeza, tarehe 20 Juni:

Mheshimiwa, barua hii haikuondoka. Mvua ilibomoa daraja, nikaiweka nikingoja maji yapungue. Yalipopungua niliichukua mpaka Bungoma, na nilikuwa njiani kwenda posta ndipo treni ikasimama, akashuka Wilkista. Bi. Hobday ameinuka kitandani, anatembea na fimbo, na ndiye aliyemfukuza. "Nenda kwa mumeo," alimwambia, "kabla hajaunguza nyumba." Sijui ni nani aliyempa habari za ugali.

Pale stesheni yeye ndiye aliyetangulia kusema. Akaniuliza, "Umeamkaje, Baba Nekesa?" nami nikamjibu kuhusu ng'ombe mwekundu. Karani alitutazama akacheka, na hata hilo halikuniudhi.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Sasa naomba kuyafuta yote niliyoandika hapo juu, kuanzia namba moja.

Wilkista amerudi na mambo ya huko kwenu. Ibada inaanza saa ile ile iliyotajwa, watu wawepo wasiwepo, na asiyefika humfuata nyumbani kwake kabla umande haujakauka. Kisimani amewapanga watu mstari, hata mzee Wanjala amesimama nyuma ya watoto akingoja zamu yake. Amewaunganisha wanakwaya kwa nguvu, na mazoezi ni kila siku. Ukikutana naye njiani anaanza kwa kukuambia kwamba leo kuna mawingu kidogo. Mbele ya nyumba, palipokuwa na kunde, amepanda maua. Tena ameunda kamati. Mheshimiwa, hatukuwa na kamati. Sasa tunazo nyingi, na mimi nimo katika zote.

Jana wazee wa kanisa walikutana shambani kwangu, wamejificha ndani ya mahindi. Wamekubaliana kwa kauli moja kwamba hali ya kiroho ya Uingereza bado inatia wasiwasi mkubwa, na kwamba si haki kwetu kumkalia Wilkista peke yetu. Mwandikieni, tafadhali, mmwite tena. Mwambieni ni kwa muda mfupi. Urefu wa muda huo Halmashauri itajua yenyewe, sisi hatutauliza.

Lakini neno moja si la wazee, ni langu. Tikiti ziwe mbili. Nimekwisha kuishi katika nyumba hii bila yeye, na sitaki kuirudia kazi hiyo. Nitabeba mizigo, nitauliza watu habari za magoti, nitalia maziko mkinihitaji. Ila mkimwandikia, msimtajie tikiti ya pili ni ya nani. Nataka siku hiyo aage watu wote, alie kidogo, apande treni Bungoma, atafute kiti chake, anikute nimeketi pale dirishani.